Koti Nililoingia Nalo Kaburini

Nianze na aibu yenyewe, msije mkaisikia kwa wengine mkadhani nimeificha: mimi ndiye yule mtu wa Ikuti aliyesimama ndani ya kaburi la Bibi Subilaga akiwa na watoto wa mbwa kifuani, watu wazima wakakimbilia kwenye migomba na kuacha viatu, na mchungaji akaacha kofia. (Mchungaji anasema hakukimbia, alikwenda kuwatuliza waumini. Sawa. Aliwatulizia mbali sana.) Mpaka leo nikipita njia ya mtoni watoto wananiita Mama Mbwa, na mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na kitu, mguu mmoja mbovu, hata kuwakimbiza siwezi.

Shule niliishia darasa la nne, kuandika kwa kuzunguka sijui, kwa hiyo wenye makosa nitawataja kwa majina yao.

Wa kwanza ni Asajile, jirani yangu, tunapakana kwa mstari wa migomba. Ana dume la mbwa kubwa kama ndama, halifungwi wala halikemewi. Mimi nilikuwa na jike dogo, jeusi, linaitwa Nawajua. Jina hilo nilimpa kwa makusudi baada ya ajali, maana kila jioni nilipomwita, "Nawajua, Nawajua", Asajile kule kwake aliacha kutafuna. Ana sababu yake. Trekta ya majani ya chai ilipopinduka kwenye mteremko wa kwenda Kawetele, mimi na yeye tulikuwa tumekaa juu ya magunia, yeye akaruka, mimi nikafunikwa, na Asajile akafika kijijini akasema watu wote wametoka salama. Wote. Nililala chini ya yale majani mabichi mvua inanyesha, nasikia maji yanapita sikioni, mpaka Nawajua aliponinusa akabweka, akabweka, watu wakaja kumfukuza wakaviona vidole vyangu. Kwa hiyo mtu akiniambia mbwa ni mbwa tu, mimi huwa namwangalia miguu yake miwili mizima, najiendea zangu nikichechemea.

Basi lile dume la Asajile likaruka ua, na Nawajua akabeba watoto wakubwa kuliko mwili wake. Siku ya kuzaa alijikamua tangu asubuhi, anazunguka, analala, anasimama, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfungia mlango. Simu ya bwana mifugo iliita mpaka ikachoka. Mtu wa kunisaidia alikuwa mmoja tu, Bibi Subilaga, mkunga wetu, aliyezalisha nusu ya kijiji na mbuzi wa kijiji kizima, lakini naye alikuwa hoi kitandani wiki nzima, hasemi, hali. Nikafanya mwenyewe. Nilipaka mikono mafuta ya kupikia, nikavuta taratibu kila alipojikamua. Wa kwanza alitoka amekufa. Wawili wakaja wakiwa wamelegea kama soksi zilizoloa, nikawafyonza puani kwa mdomo wangu (mcheke tu, hamkuwepo), nikawasugua kwa kipande cha blanketi mpaka wakapiga kelele.

Jua lilikuwa linazama, ukungu unashuka kutoka Mlima Rungwe, ndipo mtoto wa mwisho akatoka, mdogo kuliko wote, na wakati uleule kabisa kilio kikapanda kutoka kwa Bibi Subilaga. Wanawake wengi kwa mpigo. Mimi nimeshika kitu cheusi kiganjani, hakipumui, na kilio kinakuja kupitia migombani kama kinanitafuta mimi. Kile kitoto kikafungua mdomo, kikavuta pumzi.

Alfajiri Nawajua alikufa kwenye gunia lake. Sitaandika zaidi hapo.

Nikabaki na vitoto vitatu visivyo na mama. Kitoto cha mbwa hakijui kujipasha moto, kikipoa tumbo linasimama, maziwa yanaganda ndani, kinakufa kimya. Nilivinyonyesha maziwa ya ng'ombe vuguvugu yenye sukari kidogo kwa bomba la sindano, tone kwa tone, nikavisugua tumbo kwa kitambaa chenye maji ili vikojoe kama ambavyo mama yao angevilamba. Vikiwa na joto vilinyamaza. Vikipoa vililia, na kilio chenyewe, sijui niwaelezeje, hakikuwa cha mbwa. Kilikuwa kile cha mtoto mchanga wa mtu, chembamba, chenye kutetemeka mwishoni.

Sasa, kwetu msiba haukosi mtu. Asiyekwenda kuzika huulizwa alikuwa wapi, na jibu lake halisikilizwi, na mdomo wa kwanza kusema "labda anajua kilichomuua" nilijua ungekuwa wa Asajile. Nikaenda kwa shemeji yangu Tusekile, mke wa marehemu kaka, nimwombe vikae jikoni kwake pembeni ya moto. Huyu ndiye mkosaji wa pili.

"Jiko gani, shemeji?" akaniambia, sufuria kubwa iko kichwani. "Moto nimeuzima, wanawake wote tunapika msibani. Na hata ungewaka, mbwa jikoni kwangu? Utuletee viroboto na mikosi?"

"Ni siku moja tu, shemeji. Mama yao amekufa."

"Hata Bibi Subilaga amekufa, na hatumweki jikoni. Ndaga, tuonane huko." Akaniachia asante hiyo ya Kinyakyusa, akaondoka anayumba na sufuria yake.

Ndipo nikakata lile shauri dogo ambalo ndilo mkasa wote. Nina koti la mtumba la manyoya ndani, refu, la kijani. Nikavifunga vitoto kifuani kwa kanga ya marehemu mama yangu, nikaweka chupa ya maji ya moto katikati, nikafunga vifungo vyote mpaka kidevuni. Nikajiona nina akili.

Na kweli mwanzoni mambo yalikwenda. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba watu walionekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu, vichwa vinaelea na kupotea, na nyimbo za Kinyakyusa zinatoka ndani ya nyumba kana kwamba nyumba yenyewe inaimba. Nikakaa karibu na moto wa wanaume. Vitoto vikalala. Mzee mmoja akalitazama koti langu, likajisogeza lenyewe, akatazama pembeni na hakunitazama tena.

Kisha akatoka Sekela, binti wa marehemu, kitambaa cheupe kichwani, akasimama mbele ya wanaume.

"Mama ameacha neno," akasema. "Kabla hajazidiwa alisema, mtoto wa kwanza niliyempokea mimi duniani, huyo ndiye anipokee shimoni. Ambakisye, ni wewe."

Ambakisye ndiye mimi. Nilijua kwamba Bibi ndiye aliyenizalisha, sikujua kama nilikuwa wa kwanza wake, akiwa bado msichana. Ungekataaje? Nikainuka. Mkuu wa wachimbaji, atakayekuwa nami shimoni upande wa miguu, nani? Asajile.

"Vua koti," akanong'ona tulipofika. "Unaingia kaburini au unakwenda sokoni?"

"Nina homa."

"Una homa au una mali ya watu humo? Mbona umevimba kama mjamzito?" Wenzake wakacheka kwa pua, maana msibani mdomo haucheki.

Nikashuka na koti langu. Shimo lilikuwa refu, udongo mwekundu unatoa maji, viatu vikazama. Chini mle baridi ni nyingine. Haikuja na upepo, ilikuwa imekaa mle ikisubiri mtu. Chupa yangu ya maji ya moto ilikuwa imeshapoa kitambo na nilikuwa sijui. Na nilipoinua mikono kupokea jeneza, vifungo viwili vikakatika.

Juu wanaume wanne wanaachia kamba kidogo kidogo. Nyimbo zikakoma. Mchungaji akasema mavumbi kwa mavumbi, halafu akanyamaza ili jeneza lifike chini, na ndani ya ukimya ule, hapo jeneza likiwa usawa wa uso wangu, mtoto mchanga akalia.

Nilijua ni wangu. Lakini ninawaambia ukweli, hata mimi niliyejua nililitazama jeneza.

Mwanamke juu akasema taratibu, "Kuna mtoto humo."

Mwingine akasema, "Bado anazalisha."

Kikalia cha pili. Mtu mmoja akatamka abasyuka, ndio wafu wanaorudi, na neno hilo kwetu mchana halitamkwi. Basi. Nikasikia ardhi inatikisika kwa miguu, kamba zikaachiwa, jeneza likashuka kwa kichwa, likanibana kifuani kwenye ukuta wa udongo. Asajile akanitazama. Nasema akanitazama, macho kwa macho, kama siku ile ya trekta. Halafu akakanyaga bega langu, akakanyaga na jeneza la Bibi, akapanda, akaenda. Unyayo wake wa matope ulibaki juu ya mbao.

Nikabaki mimi na Bibi Subilaga na ukungu umefunika mdomo wa shimo. Juu hakuna sauti. Hata ndege. Nikasukuma jeneza kwa goti la mguu wangu mzima mpaka likakaa sawa, nikaingiza mkono kifuani. Viwili vilikuwa vinalia. Kile kidogo, cha mwisho, kilikuwa kimebanwa, kimenyamaza, ulimi nje. Nikaanza kukikamua tumbo kwa vidole, nalia, sikatai.

Sauti ikasema kutoka juu, kwa Kinyakyusa, ya chini, ya mtu asiye na haraka: "Siyo tumbo. Mgeuze kichwa chini, msugue mgongo. Usiogope."

Sikuinua macho. Nilijua ni Sekela amebaki na mama yake. Nikakigeuza kichwa chini, nikasugua mgongo, nikasugua, kikatoa tone la maziwa puani, kikatikisika, kikalia.

"Ndaga, Sekela," nikasema. Hakujibu.

Walirudi mmoja mmoja, mchungaji mbele ameshika Biblia kama ngao. Walichokiona ni mimi, koti wazi, shati limelowa mkojo, kiatu kimoja, vitoto vitatu viganjani, nimesimama pembeni ya marehemu.

"Ambakisye," mchungaji akasema. "Hao ni nini?"

"Mbwa, mchungaji."

"Mbwa."

"Wadogo."

Nadhani kama mtu angenipiga ingekuwa nafuu. Wengine walicheka mpaka wakakaa kwenye tope, wengine walitema mate chini. Wazee wa ukoo walisema nimenajisi kaburi, na Tusekile, yuleyule wa sufuria, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Si angeniachia mimi niviweke jikoni." Asajile akawaambia watu kwamba alikimbia kwenda kuleta ngazi. Nikaonyesha unyayo juu ya jeneza. Watu wakautazama, wakamtazama miguu, na yeye akaanza kupangusa mbao kwa mkono wa shati. Hiyo ndiyo raha pekee niliyoipata siku ile.

Siku tulipoondoa matanga nikamwendea Sekela kumshukuru. Nikamwambia bila wewe kile kidogo kingekufa.

"Bila mimi? Nimefanya nini?"

"Uliponielekeza, pale juu ya shimo. Nisugue mgongo."

Akaacha kufunua mkeka. "Mimi nilikuwa barabarani," akasema. "Nilikimbia wa kwanza. Nimemkimbia mama yangu, na sijalala tangu siku ile. Hakuna aliyebaki, Ambakisye."

Kuku wakapita.

"Alikuambiaje?" akauliza. Nikamrudia maneno, moja moja. Nilipofika kwenye "usiogope" akakaa chini polepole, kitambaa kikamwanguka, akasema, "Sauti ilikuwa imekasirika?"

Nikamwambia haikuwa imekasirika. Akalala siku hiyo, walisema wa nyumbani kwake, mchana kutwa.

Kile kidogo nilimpa yeye, maana nilikuwa sina haki nacho. Viwili vimekua, vina mwili wa baba yao na macho ya mama yao. Asajile alimtuma mtu aniombe kimoja, ati siku hizi anaogopa kupita kwenye migomba ile jioni. Nikamjibu aendelee kuogopa.

Nimeapa. Mtoto wa mbwa nitambeba tena hata kanisani, ila shimoni siingii tena kabla sijajua mwenzangu ni nani. Na Asajile akitangulia yeye, nitakwenda kumzika, nitavaa koti hilihili, nitaomba nishike kamba. Hata akilia humo ndani sitaiachia, nitamshusha taratibu mpaka chini, watu wasije wakasema mimi na yeye tulifanana.