Meno ya Mwizi wa Divai

Kwa miaka miwili na nusu niliamini, kama ninavyoamini kwamba Longonot ni mlima, kuwa mtu akiiba divai ya mizabibu mizee na kuinywa, meno yake yanashika rangi ya kahawia na atazikwa nayo. Mswaki hautoi. Chumvi haitoi. Hata daktari wa meno aje na patasi, atakuta rangi imeshuka hadi kwenye taya. Haya niliyaamini nikiwa mtu mzima mwenye kitambulisho, tena nasoma kidato cha tatu katika shule ya jioni.

Nilikuwa mhudumu wa meza katika hoteli ndogo ya wageni, nje kidogo ya Gilgil. Mwenye hoteli, mzee mpole tuliyemwita Boss, alikuwa na chupa moja ya divai nyekundu kutoka Uhispania, na aliipenda kuliko binti zake wote watatu. Alinieleza mwenyewe habari ya chupa hiyo. Ilitoka kwa mizabibu iliyopita miaka mia, mifupi, iliyopinda kama wazee kwenye foleni ya pensheni, na kila mmoja unazaa vichala vichache tu. Ndiyo maana chupa zake ni chache kila mwaka, na kila chupa imeandikwa namba kwa mkono. Yetu ilikuwa namba mia nne na kumi na mbili. Mimi nikiwaonyesha wageni niliongeza chumvi kidogo: niliwaambia mizizi ya mizabibu hiyo imeteremka hadi ikakuta maji yaliyobaki ya gharika ya Nuhu. Wageni walitoa simu wakaipiga picha lebo.

Chupa ililala ubavu stoo, na ufunguo wa stoo ulikaa kiunoni mwangu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni, nikienda darasani, niliutundika kwenye msumari jikoni, mpishi akauangalia. Mpishi alikuwa rafiki yangu. Alifika Gilgil kutafuta kazi akiwa na ndevu tayari, mtu wa maneno matamu na meno meupe kama maziwa mala.

Siku Boss alipotimiza miaka sabini, chupa ililetwa mezani. Niliizibua mbele ya wageni ishirini, nikamimina kwa madaha, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Boss akaonja. Akaiweka glasi chini polepole.

"Kijana," akasema, "hii ni bitiruti."

Mtu alikuwa ameinywa divai yote, akajaza maji ya bitiruti, akarudisha kizibo na kukifunika vizuri. Nani anashika ufunguo? Mimi. Jua halijatua, nilikuwa kwenye lami na begi langu, na mke wa Boss ameshatangaza hadi Kikopey kwamba mimi ni mwizi na mlevi. Habari ikafika kwetu Bahati kabla yangu. Mama yangu, ambaye hukaa benchi la mbele kanisani tangu nizaliwe, Jumapili hiyo alikaa la nyuma kabisa, karibu na mlango. Kazi ningepata nyingine. Lile benchi ndilo lililoniuma.

Siku ile ya kufukuzwa, mpishi ndiye aliyenisindikiza hadi getini.

"Pole, ndugu yangu," akasema. "Lakini waini ya mizabibu mizee haitaki wizi. Aliyeiba atabaki na alama kwa meno hadi kaburini."

"Hadi kaburini?"

"Nimefanya kazi hoteli kubwa kubwa, nimeona kwa macho. Wewe ngoja tu acheke."

Nikaapa palepale. Nitamtafuta, nimburute mbele ya Boss, halafu nimpeleke Bahati akatubu mbele ya mama, benchi la mbele.

Nikafungua kibanda cha chai kando ya barabara, pale wafanyakazi wa hoteli walipopita wakienda nyumbani. Watu husema nilizaliwa mcheshi. Uongo. Nilikuwa mtu wa kununa tangu tumboni. Utani niliuanza kama mtego, maana meno ya mtu aliyenuna huwezi kuyakagua. Nikawaambia nyati wa mbugani aliingia kibandani akaagiza chapati tatu, akaondoka bila kusema asante.

Wa kwanza kucheka alikuwa mtunza bustani wa hoteli, yule aliyepanda bitiruti. Meno ya kahawia, yenye mistari! Nikaganda na birika mkononi. Kuanzia siku hiyo maharagwe yake yalikuwa na mawe niliyoyachagua mimi mwenyewe barabarani, moja moja.

"Mathe wako hakukufundisha kuchagua maharagwe?" aliniuliza, ameshika shavu.

"Tafuna, bwana. Wengine wametafuna makubwa kuliko hayo."

Akanitazama kama mwendawazimu. Nikafurahi.

Wiki iliyofuata akacheka askari wa geti. Kahawia. Kisha dereva. Kahawia tupu! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilishtuka kila mdomo ulipofunguka. Nikaamua waliinywa pamoja, glasi kwa glasi, wakinicheka. Askari nikawa nampa maandazi ya juzi, magumu hata kuku angeomba nyundo. Chai ya dereva niliipika kwa maji niliyosuzia sufuria.

Kisha mtunza bustani akatafuta kazi bora katika shamba la maua upande wa Karagita. Msimamizi wa shamba hilo alipita kibandani kwangu, akaniuliza kama namjua.

"Namjua sana," nikasema. "Mwambie acheke, halafu uamue kama utampa funguo zako."

Hakupata kazi. Niliposikia, nilikunywa chai yangu mwenyewe vikombe vitatu, na ilikuwa tamu.

Mpishi peke yake ndiye aliyecheka na meno meupe. Kila alipokuja nilimpa chapati mbili za bure na maharagwe yasiyo na jiwe.

"Bado unawinda, buda?"

"Nimeshawapata watatu."

Alicheka hadi akafuta machozi. "Usiwahurumie hata mmoja," akasema, akamega chapati ya pili.

Basi jioni moja tulikuwa na Baiolojia, somo la meno. Mwalimu, mama mmoja aliyekulia Nakuru, akafungua mdomo wake atuonyeshe magego. Kahawia. Nikainua mkono.

"Mwalimu, na wewe uliinywa ile waini?"

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikahesabu: zaidi ya nusu ya midomo ilikuwa na hatia. Nikawasimulia yote, tangu namba mia nne na kumi na mbili hadi Karagita. Mwalimu hakucheka. Alitoa kioo kidogo kwenye mkoba, akanipa, akaniambia nifungue mdomo. Nilijitazama muda mrefu. Yangu yalikuwa na mistari kuliko ya mtunza bustani.

"Divai inatoka kwa mswaki," akasema. "Hii rangi ni madini yaliyo kwenye maji ya visima vyetu. Inaingia ukiwa mtoto, meno yakiwa bado hayajaota. Mimi ninayo, wewe unayo, mtunza bustani anayo. Mpishi wako hana kwa sababu alikuja huku akiwa mtu mzima. Na ufunguo ulimwachia yeye."