Mkwe Aliyetazama Ukuta

Mimi ni mtu wa maneno. Nauza mchele hapa Tunduma, na wateja wangu wengi wanatoka ng'ambo, upande wa Zambia. Mpakani ukiwa mpole utalala njaa. Nabishana kwa Kiswahili, nabishana kwa Kibemba, na nikikasirika kabisa narudi kwenye Kinamwanga changu. Kwa hiyo daktari wa Mbeya aliponiambia saratani imerudi, ipo juu ya kovu la titi walilonikata na imeshafika kwenye mifupa, nadhani alitegemea maswali. Sikuuliza hata moja.

Akanieleza taratibu. Kuimaliza haiwezekani tena, ila dripu za dawa zinaweza kuizuia isikimbie, nikapata muda, pengine muda mzuri. Ama nikae nyumbani na dawa za maumivu. Akasema niende nikazungumze na wenzangu.

Nilikuwa nimeshaamua kabla basi halijafika Mlowo. Sirudii dripu. Zile za kwanza zilimaliza nywele zangu, kucha zikawa nyeusi, nikawa natapika kwa harufu ya mchele wangu mwenyewe. Bora nife nikiwa dukani.

Nyumbani ikawa vita. Mume wangu kila nikianza kusema alitoka nje. Wifi yangu hakutoka. "Unafikiri hayo maisha ni ya kwako peke yako?" akaniuliza huku anapepeta mchele. Nikamjibu kwamba titi lilipokatwa lilikuwa la kwangu peke yangu, asiniletee mambo. Tukanuniana. Mwisho mume wangu akampigia simu baba yake, huko milimani Ileje, na hapo nikajua nimekwisha. Katika ukoo ule mzee akishasema, hakuna wa kupinga.

Sasa, huyo mzee. Kwa kina mume wangu, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Kwetu Momba tunamheshimu mkwe, sawa, lakini hawa wamezidisha. Tangu niolewe, nikisikia kikohozi chake njiani naingia kwenye mahindi. Akija Tunduma napitia mlango wa jikoni, watoto ndio wanampelekea chakula. Nimempikia miaka yote hiyo na sijui ana macho ya namna gani. Sauti yangu hajawahi kuisikia, labda ndiyo maana alikuwa ananisifu.

Alipofika nikakimbilia chumbani kama kawaida. Nikasikia kiti kinaburutwa sebuleni, kisha mzee akawaambia wanawe watoke nje wote.

"Baba, atakosa wa kumsemea," mume wangu akasema.

"Ndiyo. Nataka aseme mwenyewe."

Nikatoka. Alikuwa amekigeuza kiti, anatazama ukuta. Niliona mgongo wake, koti lake la kanisani na kisogo chenye mvi. Nikaketi chini, mbali, karibu na mlango.

"Mama wa wajukuu wangu," akasema, bado anatazama ukuta, "unakataa nini hasa?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilihangaika kuitafuta sauti, mimi huyu, kisha ikatoka yote. Nikamwambia jinsi binti yangu alivyoniogesha wakati wa zile dripu za kwanza, ananisugua mgongo huku anaimba ili nisijue analia. Nikamwambia kufa siogopi sana. Ninachoogopa ni kwamba nikishaanza, hakuna atakayeniruhusu kuacha. Wataniambia jikaze, jikaze, mpaka siku wananizika.

Mabega yake yakaanza kutikisika, na ikanichukua muda kuelewa kwamba mzee analia. Mtu yule ambaye ukoo mzima unamnyamazia alikuwa analia kwa ajili ya mwanamke asiyemjua hata sura.

"Nilikuja kukuamuru uende," akasema. "Sasa nimekusikia. Siwezi tena."

Sijawahi kusikia mzee yule ameondoa neno lake. Uamuzi wote ukabaki kwangu, na ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani wakati ule naupigania. Nilikaa nao hapo chini, yeye na ukuta wake, mimi na hofu yangu, wala hakunihimiza.

"Nitaenda, baba," nikasema. "Lakini siku nikisema basi, iwe basi."

"Itakuwa."

Nikarudi chumbani, naye akawaita wanawe. Nilisikiliza mlangoni. Akawaambia naenda Mbeya, na siku nitakaposema basi asiniulize mtu kwa nini. Mwenye swali aende Ileje akamwulize yeye. Wifi yangu akaitikia, "Ndiyo, baba," kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Dripu zinaendelea. Nywele zimekwenda tena, natapika vilevile. Juzi, nikiwa nimeinamia beseni, lile neno "basi" lilinifika mdomoni, na wote waliokuwa chumbani wakakaa kimya wakiningoja. Nikaomba maji.