Nilivyoikosoa tamthilia ya wapishi pale Kibiti, tui langu likakatika

Wakuu, habari za majukumu.

Haya ni yangu, sikusimuliwa. Ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Miaka ile TV ndiyo zinaingia mikoani, nilikuwa na mgahawa Kibiti, kando ya barabara. Shule niliacha darasa la sita wazazi walipofariki, nikabaki na mdogo wangu Rehema. Mgahawa ndio uliomsomesha sekondari.

Jirani kulikuwa na banda la TV, jenereta na antena ndefu kama mnazi. Jumapili mchana walionyesha tamthilia ya jikoni kwenye hoteli kubwa. Wenzangu wanalilia mapenzi ya mpishi na binti wa mwenye hoteli. Mimi nalilia mapishi.

"Kitunguu gani hicho kinakatwa bila chozi?" nasema. "Na aproni nyeupe tangu asubuhi, huyo anapika au anaozwa?"

Watu wanacheka. Nikajiona critic. Mwenye banda akaniwekea kiti cha mbele.

Sasa, walimu walikuwa na semina ya wiki mbili, wanatafuta mpishi. Mwalimu mkuu, mtu wa Bara, akasema atakuja na wenzake Jumapili wakitoka kanisani, waonje. Nikipata kazi ile, Rehema harudishwi nyumbani kwa ada.

Nikapika kambale wa nazi. Tui jepesi likachemka, nikamimina lile zito. Watu wa pwani mnajua, hapo huondoki. Unakoroga mpaka lichemke, na hufuniki.

Nikasikia muziki wa tamthilia unaanza.

Nikafunika. Nikajiambia dakika mbili tu.

Siku hiyo mpishi wa kwenye TV naye akamimina tui zito, akaliacha, akaenda kumbembeleza binti. Nikasimama mbele ya banda zima.

"Jamani, huyu kafundishwa na nani? Tui zito linaachwa?"

Nikaeleza kwa kirefu. Nikapigiwa makofi.

Rehema akaja kuniita. "Kaka, wageni wameshakaa."

Nafunua sufuria, mafuta yameelea juu, chini mabonge mabonge. Cha kupika kingine hakuna. Nikapakua hivyo hivyo.

Mwalimu mkuu akaonja, akaisogeza sahani.

"Ndugu yangu, sisi kwetu nazi hatuijui sana. Ila tulipita pale bandani tukakusikia ukieleza. Ulieleza vizuri."

Kazi akapewa mama mmoja wa Mtunda.

Jioni Rehema akaniambia, "Kaka, yule wa kwenye TV akiharibu, Jumapili ijayo yupo tena. Sisi je?"

Asubuhi nikaenda kwa yule mama, nikaomba kazi ya kukuna nazi. Wiki mbili niko juu ya mbuzi ya kukunia, walimu wakipita wananiuliza, "Mkosoaji, leo wamekosea wapi?" Nacheka nao, nakuna. Ada ikapatikana, kwa kuchelewa.

Rehema leo ni mwalimu. Akija kwangu hufunua sufuria kwanza, salamu baadaye.

Nilichojifunza: kosoa uwezavyo, lakini moto wako uwe umeshazimwa.

Nanyi mliokuwa mnabishana mbele ya TV miaka ile, mliunguza nini? Andikeni hapa. Nitasoma nikishaepua.