Mikono ya Mama Kwenye Wavu

Mimi ni mwoga, na sijawahi kuficha. Naogopa radi, naogopa mamba, naogopa hata simu inayoita alfajiri. Nilipohamia Bangwe, kando ya ziwa, kumtunza mama, ambaye macho yake yalikuwa yamebaki na ukungu tu, nikaanza kuogopa nyoka kwa niaba yake. Ziwa lilikuwa limepanda na kula viwanja vya chini, na kila kilichoishi kwenye matete kilikuwa kimehamia kwetu.

Mama alitaka kuku. Si wa kuzurura, maana kenge walishamaliza vifaranga wa kwanza, bali wa kufungiwa kwenye uwanja wao, wapate jua na udongo wa kuparua. Bwana mifugo alinieleza ya kufanya: mahali palipoinuka pasipotuama maji, kivuli upande mmoja, majivu ya kuogea, maji ya kunywa yabadilishwe kila siku, chanjo ya kideri isisahaulike, na kuzunguka kote waya wa matundu madogo, uzikwe chini shubiri mbili. Nilifanya yote isipokuwa waya. Mama alikuwa amehifadhi wavu wa kuvulia samaki, migebuka, wa marehemu baba, akasema ni aibu kununua waya na wavu mzima umo ndani. Nikasema matundu ni makubwa. Akaniuliza ni kuku gani atapita hapo. Nikautoa wavu nje, kwa sababu kubishana na mama ni kutwanga maji kwenye kinu.

Basi tukauzungusha kwenye nguzo, tukaufunika na juu kwa ajili ya mwewe, tukapanga mawe chini. Mafundo aliyafunga yeye. Alikuwa ameshona nyavu kule Mwamgongo tangu alipoolewa, na vidole vyake havikuhitaji macho. Kila asubuhi alianzia nguzo ya mlangoni, akapitisha mikono juu hadi chini, tundu kwa tundu, akitafuta palipokatika. Nami kila asubuhi nilisimama nyuma yake nikimwonya. Mama, nyoka. Kumbe kamba. Mama, rudi, nyoka. Kumbe ganda la ndizi. Wiki ya tatu akawa ananijibu bila kugeuka, kwamba huyo nyoka wangu nimwambie amsubiri.

Asubuhi moja nilitoka na bakuli la vumbi la dagaa. Kuku walikuwa wamejibana kona moja, kimya. Mama alikuwa ameshapita nguzo mbili. Hatua tatu mbele ya mikono yake, usawa wa kiuno, kulikuwa na kitu kinene kimening'inia kwenye wavu. Swila. Aliingia akiwa mwembamba, akameza yai, na wakati wa kutoka yai likakwama tunduni. Alivyojipinda ndivyo nyuzi zilivyomkaza. Nusu yake ya mbele ilikuwa nje, upande wa mama, hai, shingo imetanuka.

Nikasema, "Mama, nyoka."

"Mwambie anisubiri," akasema, na mkono wake ukasogea tundu moja.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nilijua kosa ni langu, kwa sababu neno hilo nilikuwa nimelimaliza kwenye kamba na maganda. Kumvuta nisingeweza. Asiyeona akivutwa ghafla hukamata kilicho karibu, na kilichokuwa karibu ni wavu.

Mama alizaliwa Kasulu, na jambo moja hakuwahi kunisamehe: shikamoo yangu ya mjini, ya kutupa huku napita. Kwao salamu ya asubuhi mtu huinama akapiga viganja taratibu, na anayesalimiwa huacha alichoshika, naye akapiga. Hata mwenye jembe huliweka chini.

Nikaweka bakuli chini. Nikapiga magoti kwenye kinyesi cha kuku kilichofagiwa nje, nikapiga viganja.

"Mwakeye, mama."

Mikono yake ikatoka kwenye wavu. Akanigeukia, uso umejaa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu nihamie kwake, akapiga viganja vyake.

"Mwakeye, mwanangu."

Sikuacha. Nikamwuliza alivyolala, nikamwuliza mgongo, nikamwuliza ndugu zake wote wa Kasulu, mmoja mmoja, huku nikirudi nyuma kwa magoti naye akiifuata sauti yangu, akijibu, akipiga viganja, mpaka tukafika mlango wa jikoni. Hapo nikamshika mikono yote miwili, nikalia, nikamwambia.

Jirani alikuja na panga, akamuua nyoka. Mama alikaa kwenye kigoda akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo hukuwa unanisalimu."



Siku hizi tuna waya wa matundu madogo, umezikwa shubiri mbili kama tulivyoambiwa. Wavu wa baba nimeurudisha ndani. Mama haugusi waya. Anakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, anasubiri nimalize kuukagua mimi, na ule mzaha wake haupo tena. Nilitaka aogope kidogo tu.

Kila asubuhi nampigia magoti na viganja, kwa moyo mmoja, salamu tupu isiyo na kitu nyuma yake. Mama huikusanya mikono kifuani, na kabla ya kuitikia huniuliza kwa sauti ndogo, "Yuko wapi?"