Risasi Tatu Zilizorudi Ghalani

Majirani wa Murukulazo walikuwa wamekwisha kuamua kwamba Leonsia, mtoto wa Kanyange, amerogwa. Kila akija likizo, jioni kabla ya chakula, alichukua pasi ya mkaa ya mama yake, akasimama mbele ya ukuta wa jiko, akaunyoosha mkono wa kulia na ile pasi, akatulia. Hakuna nguo, hakuna mkaa. Mkono wa kushoto ameuchomeka kwenye mkanda, macho yameganda kwenye kidoa cha masizi alichokichora mwenyewe ukutani. Anahesabu hadi sitini, anashusha, anapumua, anainua tena. Mama mmoja aliyekuja kuomba chumvi aliondoka kinyumenyume, na chumvi akaisahau.

Haukuwa uchawi. Leonsia alikuwa koplo wa kikosi kimoja cha ulinzi chenye kambi upande wa Biharamulo. Jina la kikosi nitaliacha, wenyewe wanajijua. Na katika kikosi hicho yeye ndiye aliyekuwa mpiga bastola wa mashindano. Bastola yenyewe hailali nje ya ghala la silaha. Inatoka kwa saini na kurudi kwa saini. Kwa hiyo akiwa nyumbani mkono aliufundisha kwa pasi, ambayo ni nzito kuliko bastola na ina mpini wa kushikika. Mkono uliozoea pasi, ukipewa bastola, unaona umepewa kijiko.

Aliyemtazama bila hofu ni Nice, binti yake wa miaka saba. Alikaa kizingitini akihesabu naye kwa sauti, na hesabu ikifika sitini alisema, "Afande, shusha."

Afande. Hapo ndipo mwiba ulipokuwa. Kanyange ni mtu wa mizaha, na tangu binti yake avae magwanda alimwita afande, mtoto naye akalidaka jina kama lilivyo. Neno mama lilikuwa limekwisha kupata mwenyewe: ni bibi, huyo huyo Kanyange, aliyemwogesha, aliyemlaza kifuani akiwa na homa, aliyemfundisha kumenya ndizi. Leonsia hakuwahi kumsahihisha. Angeanzia wapi? Alikuja siku nne kila baada ya miezi mitano au sita. Siku ya kwanza mtoto alimwonea haya, ya pili akamzoea, ya tatu wakacheka, ya nne Leonsia akapanda gari la Biharamulo.

Kuhusu baba yake Nice hakuna la kusimulia. Alikwenda machimboni kutafuta dhahabu, akapata mke.

Kambini wanawake walilala wawili wawili chumbani, na watoto hawakuruhusiwa. Kuacha kazi hakukufikirika, maana mshahara ule ndio uliokuwa paa la bibi na daftari la mtoto. Njia ilibaki moja tu, uhamisho. Kikosi kilikuwa na kituo kidogo Ngara mjini, ambako askari hupanga vyumba mitaani na kuishi na watu wao. Leonsia alikwishaandika barua tatu za kuomba kupelekwa huko.

Barua zilimfikia mkuu wa kambi, Afande Juvenali. Huyu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Leonsia zaidi, kwa sababu mtu mbaya unaweza kumchukia ukalala usingizi. Juvenali alimkaribisha kiti, akamuulizia mama, akamwambia uhamisho upo, baada ya mashindano. Leonsia akaenda kwenye mashindano akashinda. Aliporudi ofisini, Juvenali alicheka meno yote nje akasema, sasa nitamwachaje bingwa wangu? Ikawa hivyo mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Vikombe vilijipanga kwenye kabati la ofisi, na kila kimoja kilikuwa komeo jingine kwenye mlango wake.

Mkono huo alikuwa ameugundua Sajini Gaspari, Msubi wa hapo hapo Biharamulo, ambaye siku hizi amestaafu na anafuga nyuki. Siku ya majaribio ya kawaida ya silaha alimwona Leonsia akipiga, akamvuta pembeni. Alikuwa na lafudhi nzito na subira isiyo na mwisho.

"Usiangarie duara," alimwambia. "Duara riache rififie. Angaria kapembe."

Kapembe ni ile alama ndogo inayosimama kwenye ncha ya mtutu. Kosa la kila mgeni ni kukodolea macho duara jeusi lililoko mita ishirini na tano mbele, akataka kuliona vizuri, na hapo kapembe kanapotea na risasi inakwenda majanini. Gaspari alimfundisha kukaweka kapembe katikati ya ule ufa ulioko nyuma ya mtutu, kakionekana kakali kama wembe, na duara libaki ukungu. Alimfundisha kwamba bastola inatikisika hata mkononi mwa bingwa, na anayengoja itulie kabisa atazeeka hapo. Anayeivizia ipite katikati kisha akakurupuka kubonyeza, huyo anaharibu kila kitu. Kidole kinakamua polepole, kama unavyomkamua ng'ombe asiyekuzoea, hadi mlio umshtue mwenye bastola mwenyewe.

Lakini somo kubwa lilikuwa kushusha. Mkono ukikaa juu zaidi ya sekunde tisa au kumi, jicho linaanza kudanganya na misuli inaanza kuchoka. Basi usilazimishe. Shusha, pumua, anza upya. Mwezi mzima Gaspari alimfanyisha kuinua na kushusha bila risasi hata moja, sarafu ya mia imewekwa juu ya mtutu, na ikianguka wanaanza upya. Leonsia alilipenda somo hilo kuliko yote, na sababu yake aliijua. Kila kitu kingine alichoambiwa pale kambini alijibu ndiyo afande. Kwenye mstari wa kupigia tu ndipo aliporuhusiwa kukataa.

Mwaka huu, aliporudi kutoka Murukulazo, hakula siku mbili. Nice alikuwa amemsindikiza hadi barabarani, akampigia saluti, watu wa kituoni wakacheka. Leonsia naye alicheka, akapanda gari, na kuanzia Benaco hadi Lusahunga alilia akiwa amegeuzia uso dirishani.

Aliyelala naye chumba kimoja ni Secilia, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Nyamahanga, mtu asiyezunguka maneno. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia dawa iko mkononi mwake. "Piga vibaya. Mara moja tu. Hakuna anayemng'ang'ania mtu asiyemletea kombe."

Leonsia aliona aibu kwamba hakuwahi kuliwaza hilo. Usiku huo alilala vizuri. Aliamka akiwa ameamua.

Mashindano yalifanyika hapo hapo Biharamulo, kwenye uwanja wa shabaha uliochimbwa chini ya kilima, asubuhi yenye upepo kidogo. Vikosi vilikuwa sita. Mgeni rasmi alikuwa kanali mstaafu mwenye fimbo, aliyekaa chini ya turubai na darubini yake. Kila mpigaji alikuwa na mizunguko sita, kila mzunguko risasi tano kwa dakika tano.

Alipanga kuharibu mzunguko wa kwanza. Akapiga, akaangalia, risasi zote tano zilikuwa ndani ya duara jeusi. Akajiambia ataharibu wa pili, kwa kuwa kuharibu mapema kungeonekana. Wa pili ukapita hivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne. Kila alipoinua mkono, dunia ilibaki kapembe peke yake, na huko ndani hapakuwa na Juvenali wala barua wala Nice. Palikuwa na raha. Alijichukia kwa raha hiyo, lakini ilikuwepo.

Ukabaki mzunguko wa mwisho. Aliongoza. Aliyemfuata, Danstan wa kikosi kingine, alikuwa amekwishakata tamaa na anapiga ili amalize. Leonsia alipiga ya kwanza, kumi. Ya pili, kumi. Akajiambia, sasa.

Akainua mkono, akausogeza mtutu kushoto kwa makusudi, kapembe kakatoka kwenye ufa, duara likawa halipo. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza tu, jambo ambalo mtoto anaweza. Kidole kikakataa. Akakilazimisha, kikabaki pale pale kama cha mtu mwingine, na baada ya sekunde tisa mkono ukashuka wenyewe.

Akapumua. Akainua tena. Risasi mbaya, akajisihi, moja tu, uende nyumbani. Mkono ukashuka. Nyuma yake akamsikia Juvenali akikohoa. Akainua mara ya tatu, ya nne, jasho likimwingia machoni, na kila mara mkono ulifanya vile ulivyofundishwa miaka yote ile kwa pasi na kwa sarafu: picha si safi, shusha. Filimbi ikalia bastola ikiwa mezani na risasi tatu bado zimo.

Risasi isiyopigwa inahesabiwa sifuri. Danstan alichukua kombe huku akiangalia huku na huku kama mtu aliyeokota kitu. Juvenali hakupiga kelele. Alimwambia Leonsia kwa sauti ya chini kwamba hata angepiga ovyo angeshinda, kisha akaenda kukaa kwenye gari. Leonsia alirudisha bastola ghalani, akarudisha na zile risasi tatu, akatia saini, na moyo wake ulikuwa mwepesi. Hakuharibu risasi hata moja, na ameshindwa. Alipomwona Secilia alitabasamu.

Kisha mgeni rasmi akasimama kutoa nasaha. Alisema katika miaka yote aliyoshika silaha ameona watu wakipiga risasi mbaya kwa kuogopa saa, kwa kuogopa wakubwa, kwa kutaka sifa. Hajawahi kumwona mtu aliye karibu na kombe akarudisha risasi tatu kwa sababu hazikuwa safi. Akaomba wamwonyeshe yule koplo. Akasema huyo asipige mashindano tena, huyo afundishe.

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Juvenali, aliyekuwa amekwisha kusamehe, alimpa kwa mikono miwili. Koplo Leonsia ameteuliwa mkufunzi wa shabaha wa kikosi, makao kambini, kwa kipindi cha miaka mitano kisicho na uhamisho. Alimwonyesha pa kuweka saini. Leonsia alisoma mara mbili, akasema ndiyo afande, akashika kalamu. Alitamani mkono utetemeke, angalau mara hii. Haukutetemeka. Saini ilikaa katikati ya mstari, nzuri kuliko zote alizowahi kuandika.

Jioni alipiga simu nyumbani. Akamwamkia Kanyange, Kanyange akaitikia, marahaba afande, habari za huko. Leonsia alikuwa amejipanga kulisema lile la barua, lakini akauliza kwanza habari za mtoto.

Kanyange akacheka. Akasema huyo mtoto anataka kumtia wazimu. Kila jioni tangu afande aondoke anabeba pasi, anasimama pale pale kwenye kidoa cha masizi. Hata sasa hivi yuko hapo. Akamwekea mtoto simu sikioni.

"Shikamoo, afande," Nice alisema. Alikuwa anahema.

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Nimefika ishirini. Mama kasema huko kwenu wanakaa wale tu ambao mkono wao hautetemeki. Nikifika sitini nitakuja kukaa na wewe. Ngoja, usikate, nahesabu."

Leonsia aliisikia hesabu, ishirini na moja, ishirini na mbili, sauti ikikaza kwa uzito wa kile chuma. Akaketi chini, pale pale uani kambini.

"Shusha," alisema.

"Bado sijafika."

"Shusha, mwanangu. Mama yako anasema shusha."

"Mama hajasema," Nice alijibu, akaendelea: ishirini na tatu, ishirini na nne, ishirini na tano.