Ulimi wa Ng'ombe Jikoni kwa Opondo

Seth Opondo ni fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Boito. Kutwa kucha anafungua vitu atazame kilicho ndani, na tabia hiyo hurudi nayo nyumbani. Mwaka huu, mvua zilipoanza, alisimama kwenye bucha ya Kipkoech akauliza jambo ambalo lilikuwa limemkaa kichwani.

"Kila ng'ombe ana ulimi, lakini hapa sijawahi kuuona. Huwa unaenda wapi?"

"Kuna mwenye hoteli huko Kaplong anauchukua asubuhi," Kipkoech alisema. "Watu wa hapa hawaulizangi."

"Basi Jumamosi niwekee mmoja."

Mkewe, Dorcus, alifungua karatasi akauona, mrefu, mzito, unakwaruza kama tupa. Akausukuma upande wa mumewe.

"Huu utaupika mwenyewe, Baba Phelix. Mimi nitasonga ugali."

Seth hakuwa amefundishwa na mtu. Aliusugua kwa chumvi, akautia kwenye sufuria kubwa pamoja na kitunguu, pilipili manga na vichwa viwili vya kitunguu saumu bila kuvimenya, akauacha uchemke polepole mpaka uma ukaingia wenyewe. Kisha akauepua, akauacha upoe. Hapo ndipo alipokosea. Ngozi ilishika kama imegandishwa kwa gundi, na kisu kikawa kinang'oa nyama. Alikaa akautazama. Mwishowe akaurudisha kwenye supu ya moto, na mara hii akaumenya ukiwa unatoa mvuke, akipuliza vidole. Ngozi ikavulika kama soksi.

Dorcus alisogea kuchungulia. "Kumbe ndani ni nyama tu."

Akabonyeza punje moja ya kitunguu saumu iliyochemka; ikatoka laini kama uji mzito. Akaionja. Makali yalikuwa yameisha, umebaki utamu. Ni yeye aliyesema waongeze punje mbichi kidogo ili harufu isipotee, na walainishe kwa maziwa lala, yale yaliyoganda. Wakaponda, wakakoroga, wakamwagia mchuzi huo juu ya vipande vyembamba.

Walikuwa wanakula Tecla alipoingia. Ni jirani anayewaletea maziwa. Alipewa kipande, akatafuna, kisha akaomba bakuli ampelekee mama mkwe wake, Esnah, ambaye meno yalikwisha na nyama alikuwa ameiacha.

Baada ya muda Tecla alirudisha bakuli likiwa tupu. Nyuma yake alikuja Esnah mwenyewe, taratibu, na fimbo yake.

"Karibu, kogo," Dorcus alisema, akampa kiti. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na wote pale mtaani humwita hivyo.

"Nani amepika?"

Dorcus akamwonyesha Seth. Kogo alimtazama vizuri.

"Kwa boma letu, ng'ombe akichinjwa, wanaume walibaki na ulimi huko huko walikochinjia. Nilimuuliza mzee wangu uko namna gani. Akaniambia ni mgumu, hautafuniki. Nikaamini."

"Na leo umeuonaje?" Seth aliuliza.

"Ni laini kuliko maini. Yule mzee alinidanganya." Akacheka mabega yakitikisika. "Hiyo ngozi iko wapi? Niione."

Seth aliitoa kwenye karai. Kogo akapitisha kidole juu ya miiba yake midogo, akaigeuza, akauliza huvuliwa aje. Alipoelezwa, akaagiza kwamba siku ulimi ukipikwa tena aitwe kabla haujamenywa.

Jumamosi iliyofuata Tecla alimleta. Kogo alikaa karibu na jiko, akakataa kisu, akaumenya kwa vidole vilivyochuma chai tangu ujana.

"Hauchomi, mama?" Tecla aliuliza.

"Unachoma," alijibu, akaendelea kuvuta.

Mchuzi ulipokuwa tayari alikula kipande cha ncha, halafu cha shina, akafumba macho kulinganisha.

"Hiki cha nyuma ndicho kitamu zaidi," alisema, akamsogezea Dorcus sahani ahakikishe.