Jazi ya Kihabeshi na Shangazi Bi Time

Mwanangu, ipo siku moja ya msimu wa karafuu ambayo kila nikiikumbuka vinyweleo hunisimama. Na kukumbuka ndiyo kazi pekee niliyowahi kuipenda, kwa kuwa hufanywa mtu amekaa.

Nilikuwa nimemaliza sekondari hapa Wete. Wenzangu walikwenda mashambani kuchuma. Mimi nikajitolea kubaki nyumbani kulinda karafuu zilizoanikwa. Wakaniita Mwari, kwa kutotoka ndani. Sikuona ubaya. Kivuli cha ukumbini hakijamtukana mtu.

Tulibaki wawili, mimi na shangazi yangu Bi Time. Mwanawe wa pekee alizama safarini kwenda Tanga, na tangu siku ya khitma shangazi alijifungia chumbani. Hasemi, na sahani ya chakula inarudi kama ilivyokwenda. Baba, ambaye ni nduguye, alileta daktari, akaleta na shehe wa kumsomea. Bi Time akazidi kukonda, hata ukaona kanga ndiyo imemvaa yeye. Sote tulijua kilichobaki ni nini, na hakuna aliyekitaja.

Mchana huo mvua ilishuka. Nilipokwisha kuziingiza karafuu, nikatoa kaseti aliyoniletea binamu yangu baharia. Aliipata Mombasa, haina hata maandishi, akaniambia ni jazi ya Kihabeshi. Mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa adimu miaka ile. Yangu niliyaanika juani pamoja na karafuu, yakapata uhai kidogo kama mgonjwa aliyeonja supu.

Nikabonyeza. Sijui nikwambieje, mwanangu. Kinanda kilianza chini kwa chini, ngoma ikakifuata bila haraka, kisha saksafoni ikaingia ikilalamika. Mimi nilizoea taarabu, nayo hukupeleka ikakurudisha kwenu. Hii ilinipeleka ikaniacha njiani. Kila nilipodhani sauti itakanyaga mahali ninapopajua, iliparuka ikakanyaga kwengine, kama mtu anayetembea gizani katika nyumba ya watu na hagongi kitu. Niliogopa. Na nilitaka iendelee.

Mawe yakaanza kuchoka. Saksafoni ikazama, ikawa kama mtu anayesema toka ndani ya kisima. Nikanyanyuka kuizima, na hapo ndipo nilipomwona shangazi amesimama mlangoni.

Hakunitazama mimi. Alitazama redio. Akaja akakaa juu ya jamvi, akanyoosha mkono.

"Nipe kahawa," alisema. Sauti ilikuwa yake, lakini imeshika kutu.

Baba alirudi na mvua, akamkuta nduguye anakunywa kahawa huku akiyumba taratibu. Akauliza muziki gani huo. Nami, kwa ujuha wangu na vyeti vyangu, nikamjibu kweli: wa Kihabeshi. Kwetu Pemba wapo mashetani wa Kihabeshi, nao husemwa wana ngoma yao, na kahawa wanaipenda. Baba akaapa kaseti ile itatupwa baharini kabla ya magharibi, akaenda kumwita Bi Mwanakombo, fundi wa mashetani, bibi aliyekuwa akiogopwa toka Wete mpaka Shumba.

Alikuja, akataka kaseti irudishwe mwanzo; nikaizungusha kwa kalamu, kuyabakiza mawe. Akaisikiliza amefumba macho, mkono wa shangazi umo mkononi mwake. Tukangoja atutajie jina la huyo shetani.

"Hamna shetani hapa," alisema. "Huyu kasikia mtu analia asiyemwomba jibu. Nyinyi wote mlikuwa mnamtaka ajibu."

Baba akamkumbusha kwa adabu kuwa muziki ni wa Kihabeshi.

"Na karafuu zako, Hamadi, wanaozinunua ni Wapemba? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni kaja, mwenyeji kafungua mlango, wewe unataka kumtosa baharini?" Kisha akanigeukia. "Na wewe Mwari, ulipoogopa ulifanya nini?"

Nikasema nilikaa tu.

"Basi leo uvivu umekufaa. Usiuzoee."

Jioni ile Bi Time alikunywa uji, akaomba tena. Mawe yalikuwa yamekufa kabisa, lakini yeye aliendelea kuimba puani wimbo nisioujua. Nilidhani anautunga. Siku zikapita, binamu akaniletea mawe mapya, nikaigeuza kaseti upande wa pili ambao sikuwahi kuucheza. Wimbo wa kwanza ulikuwa ule ule aliouimba Bi Time puani, hata pale alipokuwa akipumua palilingana. Toka chumbani, shangazi akauitikia, wala hakushangaa.

Nilimkimbilia Bi Mwanakombo, mimi nisiyekimbia. Nikamweleza.

"Hilo silijui," alisema.

Shangazi alikula, akanenepa, akaishi miaka mingi akinituma kuigeuza kaseti. Mimi kila nikiisikia huogopa kidogo, na huipenda zaidi.

Mwanangu, usilolijua ni usiku wa giza, lakini si kila giza lina mwizi. Bibi yule alikuwa na majina ya mashetani wote wa kisiwa hiki, na hakuwahi hata moja kulibandika pale. Nawe kitu kigeni kikikutisha, usikipe jina upesi, wala usikitupe. Kaa nacho. Pengine si hofu, ni sikio linajifunza.

Mola akupe sikio lisilokimbia, na ulimi usioona haya kusema hujui. Na siku huzuni yako itakapokosa maneno, akuletee mgeni toka mbali wa kuililia.